Tuombe, Lakini Tusimdanganye Mungu

Wahenga walinena kwamba jitihada haiondoi kudura. Nami, kwa idhini yao, naongeza kwamba sala ndefu haiondoi hila. Msomaji mpenzi, usigeuze ukurasa ukidhani kwamba haya ni mahubiri ya Jumapili yaliyopotea njia yakaingia katika jarida la Chama cha Kiswahili. Mimi si mchungaji wala si padri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, na neno nililo nalo ni moja tu: wengi wetu hapa shuleni tunaomba sana, lakini si kwa kutaka kujua Mungu anataka nini. Tunalotaka ni sahihi yake chini ya mambo ambayo tumekwisha kuyaamua. Sisemi hivi kwa kumnyooshea mtu kidole. Wa kwanza ni mimi mwenyewe, na ushahidi ninao.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa katibu wa Muungano wa Wakristo. Sauti yangu ilijulikana. Kwenye kesha za Ijumaa, zamu yangu ya kuomba ilipofika, hata wale waliokuwa wakisinzia viti vya nyuma waliamka. Nilijua kupanda na kushuka, nilijua mahali pa kulia na mahali pa kunong'ona. Jamani, niliomba! Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, tukawa na mtihani wa pamoja na shule jirani. Usiku wa kuamkia karatasi ya Hisabati, mwenzangu mmoja akanijia bwenini polepole, akaniambia, "Katibu, maswali haya hapa. Yamezunguka kila mahali. Utabaki wewe peke yako?" Akaniachia karatasi iliyokunjwa mara nne, akaenda zake.

Sasa nifanyeje? Hisabati ilikuwa imenitoa jasho tangu kidato cha kwanza. Nyumbani, mama alikuwa ameniambia kwamba nikipata alama nzuri atakwenda kuomba basari akiwa na kitu cha kuonyesha, maana salio la karo lilikuwa limefika shingoni. Basi nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaomba hivi: "Ee Mungu, kama si mapenzi yako niisome karatasi hii, zima stima kabla sijahesabu hadi mia." Nikahesabu. Nakiri kwamba nilihesabu upesi upesi. Tena nakiri jambo jingine: taa za bweni letu huzimwa saa nne na nusu, na wakati huo ilikuwa saa nne na dakika kumi. Stima haikupotea. Nikaifungua ile karatasi, nikaisoma kwa amani kabisa, eti Mungu ameruhusu.

Hebu tazama jinsi ombi lile lilivyopangwa. Mungu alitakiwa aitie shule nzima gizani ndipo mimi nisiibe. Akinyamaza, mimi nimeshinda. Nilikuwa nimempa Mwenyezi Mungu mtihani ambao jibu lake nilikuwa nalo mfukoni. Na kama ungeniuliza usiku ule, ningekujibu kwa kiburi kwamba hata Gideoni aliomba ishara ya ngozi ya kondoo na umande. Naam, aliomba, tena mara mbili, tunasoma katika Waamuzi sura ya sita. Lakini Gideoni alikuwa amekwisha kuagizwa jambo gumu, naye alitafuta moyo wa kulitenda. Mimi nilikuwa nimekatazwa jambo jepesi, nikatafuta ruhusa ya kulitenda. Hapo pana umbali kama wa Mombasa na Turkana.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na alama 81. Mwalimu wa Hisabati alinisimamisha kwenye gwaride la asubuhi, nikapigiwa makofi. Mama alipopata habari alimwambia nyanya. Nyanya naye, Jumapili iliyofuata, akachukua jogoo wake mmoja akampeleka kanisani iwe sadaka ya shukrani. Jogoo yule aliuzwa kwa mnada baada ya ibada, na watu wakashangilia kwamba mjukuu wa fulani amebarikiwa. Nilisimuliwa haya nilipofika nyumbani likizo ya Agosti. Kila mtu alikuwa anatabasamu. Mimi chakula hakikupita kooni. Nilikuwa nimemdanganya mwalimu, nikamdanganya mama, na sasa hata jogoo wa watu alikuwa amekufa kwa uongo wangu.

Likizo ile nilijaribu kuomba mara nyingi, nikashindwa. Maneno yote yalikuwepo, maana nilikuwa bingwa wa maneno, lakini kila nikianza, zile alama 81 zinasimama mbele yangu kama kiranja mlangoni. Ndipo nikaelewa kwamba siku zote nilikuwa nikiomba juu ya kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho Mungu na mimi tulikuwa tunakijua.

Siku ya kufungua shule nikaenda kwa mwalimu. Nikamwambia, "Mwalimu, zile alama si zangu." Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na zile za Kemia, ni zako?" Nikasema ni zangu. Akasema, "Leo nakuamini. Juzi nilikuamini bure." Nilipewa karatasi nyingine siku hiyo hiyo, nikapata 38. Barua ikaandikwa nyumbani, nikaosha vyoo wiki mbili, na ukatibu nikaurudisha kwa mlezi wetu. Baadhi ya wenzangu waliniita msaliti, ingawa sikutaja jina la mtu yeyote isipokuwa langu. Basari mama hakuipata muhula ule. Siwezi kusema kwamba nilipotubu mambo yote yalinyooka. Hayakunyooka. Ila niliweza kuomba tena, na zile alama 38 zilikuwa zangu halali.

Sasa nije kwa maoni yangu, maana kisa peke yake si hoja.

Kwanza, sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu haijafichwa. Tunazungumza kana kwamba mapenzi yake ni hazina iliyozikwa mahali, na asiyefunga siku tatu haioni. Lakini nabii Mika, katika sura ya sita, aliyaeleza kwa maneno machache ambayo mtoto anaweza kuyashika: kutenda haki, kupenda rehema, na kwenda na Mungu kwa unyenyekevu. Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike, aliwaambia wazi kwamba Mungu anataka watakatifu wasiokaa katika uchafu na watu wenye shukrani. Hakuna fumbo hapo. Mwanafunzi aliyeazima kikokotoo cha mwenzake tangu muhula wa kwanza hahitaji kesha ili aonyeshwe kama akirudishe. Akirudishe. Anayejua kwamba amemsingizia mwenzake mbele ya kiranja hahitaji ndoto. Aende akaseme kweli. Yapo mambo ambayo kuendelea kuyaombea ni njia ya kukwepa kuyatenda, na mimi ni mhitimu wa chuo hicho.

Pili, unyofu wa sala haupimwi kwa sauti. Hapa nawaomba radhi wenzangu wa kesha, maana najua nitagusa penye kidonda. Hana, mama yake Samweli, aliomba midomo ikitikisika bila sauti kusikika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Sala ile ilisikika. Katika Injili ya Luka sura ya 18 kuna watu wawili waliopanda hekaluni. Mmoja alikuwa na ripoti ndefu ya mema yake, funga na zaka zikiwa ndani. Mwingine, mtoza ushuru, hata macho hakuinua. Yesu alisema ni yule wa pili aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki. Sisemi kwamba kupaza sauti ni dhambi. Wakristo wengi huomba kwa sauti kubwa na mioyo yao ni safi. Nasema kwamba sauti ni nguo tu. Mtu akivaa suti hatujui kama ameoga.

Tena Yesu alifundisha kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Najua mtaniuliza, bweni la vitanda 40 lina chumba gani cha ndani? Kweli, hakuna. Lakini kuna blanketi, kuna nyuma ya maktaba saa ya mapumziko, na kuna foleni ya uji asubuhi ambapo hakuna anayejua unachosema moyoni. Chumba cha ndani ni mahali ambapo hakuna wa kukupigia makofi. Hata wenzetu Waislamu, ambao tunakaa nao madarasani na katika chama hiki, hufundishwa kwamba matendo hutegemea nia. Sisi Wakristo tutashindwaje kuangalia nia zetu?

Tatu, kuomba hakuchukui nafasi ya kazi. Nehemia alipopata habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba. Kisha akamwomba mfalme ruhusa na barua za kupatia mbao. Maadui walipotishia, watu walisali na papo hapo wakaweka walinzi mchana na usiku. Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Angeomba tu bila kujenga, tungekuwa tunasoma habari za mawe hadi leo.

Hapa ndipo ninapofikiria siku yetu ya maombi ya watahiniwa. Ni siku nzuri. Wazazi huja, kadi za kutakiana heri hutolewa, kalamu huinuliwa juu na kuombewa. Mama yangu atakuja, na nitafurahi. Lakini tusisahau historia. Katika mtihani wa KCSE wa 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka uliofuata, 2016, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku siku za maombi na ziara za wageni shuleni katika muhula wa tatu, ikiwa ni mojawapo ya hatua za kuzuia wizi wa mtihani. Fikiri hilo, ndugu yangu! Serikali kuona kwamba siku ya kumwomba Mungu yafaa kufungiwa lango ili mtihani usiibwe! Mwaka huo wa 2016, waliopata alama ya A nchini walikuwa 141, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Wengine husema usahihishaji ulikuwa mkali, na huenda kuna ukweli. Lakini sisi tulio madarasani tunajua mwakenya ni nini na hufichwa wapi. Kalamu iliyoombewa haiwezi kuandika jambo ambalo kichwa hakikusoma, na mkono ulioinuliwa wakati wa maombi ukiwa na mwakenya kwenye mkono wa shati hauombi. Unajificha.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, anayetafuta mapenzi ya Mungu ni lazima awe tayari kusikia la. Katika darasa letu kuna mwenzetu ambaye mama yake aliugua tukiwa kidato cha pili. Tulimwombea kila jioni, nami nikiwa mstari wa mbele. Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba mama atapona bila shaka, mradi tu yeye asitie shaka. Mama akafariki. Mwenzetu aliporudi kutoka mazishini, mmoja wetu akasema mbele yake kwamba labda imani ilipungua. Sikulisema mimi, lakini nilikuwepo na sikulipinga. Hadi leo nikikumbuka uso wake naona haya.

Nasema kwa nguvu zote kwamba neno lile lilikuwa uongo na ukatili. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Hakuondolewa, aliambiwa kwamba neema yamtosha. Na nani atasema Paulo alikosa imani? Yesu mwenyewe, bustanini Gethsemane, usiku wa kukamatwa, aliomba kikombe kile kimwepuke. Hakuficha kwamba hakitaki. Mathayo anaeleza kwamba aliomba hivyo tena na tena, na kila mara akayaweka mapenzi ya Baba juu ya yake. Kikombe hakikuondolewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sala nyofu kuliko zote, kwa sababu ina mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyatenganisha: alisema kweli anachokitaka, na akakubali kukikosa. Sisi ama tunajifanya hatutaki chochote, ati watakatifu, au tunataka kwa nguvu mpaka tunampangia Mungu saa na dakika. Ama hakika, mwenzetu yule hakuhitaji wa kumpima imani. Alihitaji mtu wa kukaa naye kimya na kumsaidia kunakili masomo aliyoyakosa.

Labda msomaji ataniuliza: ikiwa Mungu anajua yote, na ikiwa huenda akasema la, basi kuomba kuna faida gani? Swali zuri. Yesu alifundisha kwamba Baba anajua haja zetu kabla hatujamwomba, na mara baada ya kusema hivyo akawafundisha wanafunzi wake kuomba. Katika sala ile aliyowafundisha, mapenzi ya Mungu yanatajwa kabla ya mkate. Sisi huanza na mkate, tukapitia mkate, tukamalizia na mkate. Nionavyo mimi, sala haimpi Mungu habari. Inatupa sisi nafasi ya kusema kweli mbele ya mmoja ambaye hatuwezi kumdanganya, na mtu akizoea kusema kweli mahali pamoja, polepole atazoea kuisema hata kwingine.

Nilijifunza hili kwa nyanya. Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula nilikwenda kumweleza habari ya alama na ya jogoo. Nyanya ni wa wale wazee wa uamsho, wanaoitana ndugu. Uamsho ule, kama alivyotusimulia mara nyingi, ulianzia upande wa Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukaingia Kenya mnamo 1937, na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, ukaimbwa hadi vijijini kwetu. Jambo lililowashangaza watu kuhusu ndugu hao halikuwa kuimba. Ilikuwa kwamba waliungama hadharani na kurudisha mali walizoiba.

Nyanya aliniambia kwamba akiwa msichana mdogo alimwona mtu akiingia uani kwao na jembe begani. Akampa baba yake, akasema, "Hili ni lako. Nililichukua miaka minne iliyopita." Baba yake hakuwa amemshuku kamwe. Walitazamana, kisha mtu yule akakaribishwa uji. Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, yule mtu alikuwa anaomba kanisani miaka yote minne. Mimi nilikuwa namwona. Lakini siku ile ndiyo sala yake ilifika mikononi." Nikamuuliza, "Na jogoo je, nyanya?" Akacheka. "Jogoo nilimpa Mungu, sikuzipa alama zako. Usimtafute."

Basi, ndugu zangu, mambo makubwa yanatungoja. Wengine wetu tunajiuliza tusomee nini, tuende chuo kipi, tufuate wito gani. Hayo hayakuandikwa katika Mika, na ni haki kuyaombea. Ushauri wangu ni mchache. Omba, kisha uulize watu wazima wanaokufahamu, maana Mungu hutumia vinywa vya watu. Angalia vipawa vyako bila kujidanganya. Asiyeweza kutazama damu asiseme ameitwa udaktari kwa sababu tu baba amesema. Lipime jambo lako na yale ambayo tayari yanajulikana kuwa mema, na likigongana nayo, liache. Tena, kabla ya kusema amina, jiulize swali moja: nikijibiwa la, nitakubali? Ukiona moyo unasema hapana, hujaomba bado. Umeagiza tu, kama mtu anayeagiza chapati kwenye kibanda.

Mimi Hisabati bado inanitoa jasho. Nimepanda kutoka 38 hadi 54, kwa msaada wa mwalimu yule yule, ambaye hunisubiri kila Jumanne baada ya masomo. Kila asubuhi huomba kwa dakika chache, bila kupanda wala kushuka. Namwambia Mungu kwamba nataka B, kwamba naogopa, na kwamba nikishikwa tena na karatasi iliyokunjwa mara nne anikumbushe jogoo. Kisha naenda kusoma.

Siku ya maombi itakapofika, nitainua kalamu yangu pamoja nanyi. Ukiniona nimefumba macho, usidhani namwomba Mungu anipe majibu. Namwomba anipe mikono mitupu, na nia ya kuridhika na zile alama ambazo nitaweza kuzitaja mbele ya nyanya bila kuinamisha uso.